Marejesho yamekubana? Namna ya kujinasua kwenye mikopo ya simu na kausha damu

Siku hizi mtu anakopa akiwa bado kitandani. Anabonyeza namba mbili tatu, ujumbe unaingia, na elfu thelathini ziko kwenye simu kabla hajanawa uso. Akitoka nje anamkuta dada wa mikopo ya mtaani, ile tunayoiita kausha damu, na fomu zake: picha ya pasipoti, barua ya serikali ya mtaa, mdhamini mmoja, orodha ya vitu vya ndani, na jioni laki iko mkononi. Hakuna anayemuuliza pesa ni za nini. Watu wanapenda hilo la kutoulizwa kuliko hata pesa yenyewe, na bei yake imo ndani ya marejesho.

Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kuingia. Ana madeni matatu manne, na analipa hili kwa kukopa lile. Tumezoea kuambiwa kwamba dawa ya deni ni kulipa. Sawa, ila inategemea unalipa kwa pesa ipi. Ukilipa kwa mkopo mwingine, deni limehama jina tu na limekua njiani. Kama hudaiwi na mtu, nenda moja kwa moja hatua ya mwisho.

Hatua ya 1: Usikope tena kwa ajili ya marejesho

Hii inaanza leo, hata kama kesho ni siku ya kukusanya. Kila mkopo mpya unakuja na ada yake au riba yake. Ukikopa 50,000 ili ulipe 50,000, unabaki unadaiwa 55,000 au 60,000, na katika hizo hujala hata chapati. Ukirudia mara nne tano, deni la asili huwezi tena kulitambua.

Mtego mkubwa hapa ni ile huduma ya kukamilisha muamala pale salio lisipotosha. Songesha ya Vodacom ni mfano hapa kwetu Tanzania, na Kenya wana Fuliza tangu 2019. Inafanya kazi hivi: ukiwa na 3,000 na unataka kutuma 10,000, mtandao unakuongezea 7,000. Mtu yeyote akikutumia hela baadaye, deni linakatwa kwanza, kabla hujaigusa. Mama ntilie anayelipwa na wateja kwa simu anaweza kupokea malipo mchana kutwa na jioni asikute kitu, hivyo asubuhi anaingia tena kwenye huduma ileile ili anunue mchele. Mauzo yake yanazunguka kati ya simu na deni bila kupita mfukoni.

Fanya mambo mawili. Piga huduma kwa wateja uulize namna ya kujitoa kwenye huduma hiyo, au walau kushusha kiwango chako, mara utakapolipa kilichopo. Halafu tenga laini ya biashara isiyo na mkopo wowote, na wateja wako walipie huko. Hii ya pili si njia ya kukimbia deni. Deni utalilipa, lakini kwa kiasi ulichopanga wewe, baada ya kuutoa mtaji wa kesho.

Kufuta programu ya mkopo kwenye simu hakufuti deni. Kabla ya kuifuta, piga picha ukurasa unaoonyesha ulichukua kiasi gani, umelipa kiasi gani na kimebaki nini.

Hatua ya 2: Daftari

Chukua daftari la shule la kawaida. Kwa kila deni andika: nani anadai, pesa iliyoingia mkononi mwako, jumla inayotakiwa kurudi, umesharudisha ngapi, unalipa kila siku au kila wiki, umeweka dhamana gani, na nani amekudhamini.

Zingatia hicho cha pili. Fomu inaweza kusema laki, lakini ukikata hela ya fomu, "bima" na "akiba ya lazima", unaondoka na 90,000 au chini ya hapo. Andika ulichoondoka nacho.

Usisahau madeni yasiyo na fomu: kwa Mangi dukani, mama wa vitenge unayemlipa kidogo kidogo, kodi ya nyumba, mwenzako wa kazini aliyekupa "mpaka tarehe thelathini". Andika hata mchango wa harusi ulioahidi kwenye kikao. Ukishatamka mbele ya kamati umeshakopa, na mweka hazina atakupigia simu kwa ukali kuliko afisa mikopo yeyote.

Wengi huishia hapa, kwa sababu jumla inatisha. Iandike hivyohivyo, na mwonyeshe mtu mmoja wa nyumbani. Mikopo ya mtaani inakua vizuri zaidi pale ambapo mume hajui, au mke hajui.

Hatua ya 3: Tafuta bei halisi ya kila mkopo

Wakopeshaji wa haraka wanataja bei kwa maneno madogo: "elfu tano tu kwa siku." Tuchukue mfano. Umeandikiwa laki, umepokea 90,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ni 130,000, kwa hiyo mkopo umekugharimu 40,000. Hapo wengi huishia kusema, "Ah, ni elfu arobaini tu, nilikuwa na shida."

Sasa hesabu siku. Ikifika siku ya 18 umesharudisha 90,000, yaani kila shilingi uliyopokea. Siku nane zilizobaki unamlipa mtu kwa pesa ambayo huna tena. Isitoshe, laki yenyewe hukukaa nayo hata siku moja, maana marejesho yalianza kesho yake. Mkopo wa kulipa kila siku ni ghali kuliko unavyoonekana kwa sababu hiyo: pesa inaondoka mikononi mwako haraka kuliko gharama inavyopungua.

Kipimo kizuri cha kulinganishia ni hiki. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wenye leseni ya daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja ni 3,500. Weka hiyo pembeni ya 40,000 uone.

Kingine cha kuangalia ni kama riba inatajwa kwa wiki, kwa mwezi au kwa mwaka. Benki kwa kawaida hutaja ya mwaka, na watu wanaiona kubwa. Mikopo ya simu hutaja ada ya mara moja, na watu wanaiona ndogo. M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, ilipoanza Kenya mwezi Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Zidisha mara kumi na mbili: ni asilimia 90 kwa mwaka. Sisemi mkopo ule ni haramu au ni wizi. Kwa mtu anayeuhitaji mara moja na kuulipa, 7.5 si kitu cha kulilia. Kwa anayeurudia kila mwezi, habari ni nyingine kabisa.

Uliza pia riba inakokotolewa juu ya nini. Kuna inayopigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, hata ukiwa umebakiza robo. Kuna inayopungua kadiri deni linavyopungua. Asilimia mbili ya aina ya kwanza inaweza kukugharimu kuliko asilimia tatu ya aina ya pili. Afisa akishindwa kukueleza ni ipi, mwombe akuandikie jumla ya shilingi utakazorudisha hadi mwisho. Shilingi hazina maneno mengi.

Hatua ya 4: Mjue anayekudai

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni. Benki Kuu inaweka orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake, na pale ofisini leseni inapaswa kuonekana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikikopesha bila kibali chake. Kama unadaiwa na programu, tafuta jina lake kwanza.

Kukosa leseni kwa mkopeshaji hakumaanishi pesa uliyochukua imekuwa zawadi. Kunakupa nguvu ya kuzungumza. Anayefanya kazi gizani hapendi kufika polisi wala mahakamani, na mara nyingi atakubali urudishe kile ulichopokea na kidogo juu yake.

Kuna mambo ambayo hutakiwi kuyavumilia, awe na leseni au asiwe nayo. La kwanza ni kadi ya benki. Walimu na wauguzi wengi wameacha kadi na namba ya siri kwa mkopeshaji, kisha kila mwisho wa mwezi yeye ndiye anayetoa mshahara na kuwapa chenji. Nenda benki, omba kadi mpya na ubadili namba ya siri, halafu mkubaliane njia nyingine ya kulipa. La pili ni kuaibishwa. Kuna programu zinazochukua majina yote ya kwenye simu yako, kisha zinawatumia wakwe, mchungaji na bosi ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake. Hifadhi zile jumbe, piga picha, peleka malalamiko. La tatu ni watu kuingia ndani na kubeba godoro na televisheni wakati wa marejesho. Mwite mwenyekiti wa mtaa hapohapo, na ikibidi polisi. Dhamana ina taratibu zake, hata ukiwa umesaini.

Malalamiko yanaanza kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi, na nakala ubaki nayo. Asipokusikiliza na ana leseni, peleka Benki Kuu.

Hatua ya 5: Panga nani alipwe kwanza

Hapa watu hukosea kwa kumlipa kwanza anayepiga kelele zaidi. Sauti kubwa haimaanishi deni kubwa.

Mimi ningepanga hivi. Kwanza chakula, kodi ya nyumba na mtaji wa kesho, maana bila hivyo hakuna marejesho ya aina yoyote. Kisha deni ambalo dhamana yake ndiyo inayokulisha: bodaboda, cherehani, friji la vinywaji. Kisha deni linaloongezeka kila siku kwa faini. Baada ya hapo yale ambayo mtu mwingine ataumia kwa niaba yako, kama mdhamini au wenzako wa kikundi. Mwisho yale yasiyokua: Mangi, ndugu, rafiki. Hawa wa mwisho usiwakimbie. Pita dukani useme, "Mangi, sijasahau, nakuomba mpaka mwisho wa mwezi ujao," na umpe hata elfu mbili. Anayepita njia ya nyuma ili asionekane na Mangi anapoteza mkopo pekee usio na riba mtaani kwake.

Kuna wanaoshauri umalize lile dogo kuliko yote ili upate moyo. Kama una madeni saba na kichwa kinauma, fanya hivyo kwa moja au mawili. Zaidi ya hapo, pesa ya ziada iende kwenye la ghali.

Kidogo cha mkopo wa simu nacho kisipuuzwe. Taarifa za wakopaji huenda kwenye taasisi za kuchakata taarifa za mikopo, na elfu nane iliyosahaulika kwenye laini ya zamani inaweza kuibuka siku unapoomba mkopo wa nyumba benki.

Hatua ya 6: Nenda ukaongee kabla ya siku kufika

Kuzima simu ndiyo njia ya haraka ya kuletewa watu mlangoni. Nenda ofisini mwenyewe, asubuhi, siku mbili tatu kabla ya rejesho, ukiwa na daftari lako na pesa kidogo mkononi. Usianze na hadithi ya mtoto kuumwa, wamezisikia zote. Anza na hesabu:

"Habari za kazi, kaka. Nimekuja kabla hamjanifuata. Kwa hesabu yangu nimebakiza 78,000. Biashara imeshuka, elfu tano kwa siku siiwezi tena. Ninayoiweza ni elfu mbili kila siku mpaka iishe, na naomba faini isimame. Nimekuja na elfu kumi hapa. Tukikubaliana, tuandikishane."

Taja kiasi unachokiweza kweli, hata siku ya mvua. Ukiahidi elfu tatu ukashindwa wiki ya kwanza, hawatakusikiliza mara ya pili. Usiondoke bila karatasi iliyosainiwa, na kila unapolipa chukua risiti au lipa kwa simu ili ujumbe ubaki. Kutiwa tiki kwenye daftari la mkusanyaji hakutoshi. Wakusanyaji huhama, na wengine huondoka na tiki zao.

Afisa akikujibu, "Sikia dada, tukuongezee mkopo, umalizie huu, nyingine ufanyie biashara," kumbuka hatua ya kwanza. Kazini anapimwa kwa mikopo anayotoa, na wewe ni mteja mzuri.

Hatua ya 7: Kuhamisha deni, kwa masharti

Nilisema usikope kulipa mkopo. Kuna hali moja tu ambapo inafaa: kubeba deni la ghali na kuliweka mahali pa bei nafuu. Mtumishi mwenye madeni manne ya mtaani anaweza kuchukua mkopo mmoja wa SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) au benki na kuyafunga yote. Masharti yangu ni matatu. Jumla ya shilingi za kurudisha iwe ndogo kuliko jumla ya madeni ya zamani. Madeni hayo yafungwe siku ileile pesa inapoingia, na mikataba urudishiwe. Na makato yakuachie walau theluthi moja ya mshahara. Utaratibu huo wa theluthi unajulikana kwa watumishi wa umma, na Kenya umo kwenye Sheria ya Ajira ya 2007: makato yasizidi theluthi mbili. Anayekuonyesha njia ya kuukwepa hakutakii mema.

Asiye na mshahara aangalie kwanza nyumbani kuna nini cha kuuza. Sofa linalouzwa na mwenyewe kwa kutulia linaleta bei nzuri kuliko sofa linalobebwa na wadai.

Kwa wanaojiepusha na riba kwa sababu ya dini, zipo benki zinazofuata misingi ya Kiislamu, kama Amana. Bado uliza jumla ya bei, kama sokoni.

Hatua ya 8: Kukopa tena, safari hii kwa akili

Sitakuambia usikope maisha yako yote. Biashara inakopa. Swali ni kama pesa hiyo itazaa kabla ya marejesho kuanza kuiuma. Muuza mbogamboga anayenunua kwa 40,000 alfajiri na kuuza yote kwa 52,000 jioni anaweza kubeba mkopo wa kulipa kila siku, endapo faida yake, baada ya nauli na chakula, inazidi rejesho. Fundi seremala anayetengeneza kabati kwa wiki tatu ndipo alipwe hawezi, hata riba iwe ndogo namna gani. Linganisha mzunguko wa kazi yako na mzunguko wa marejesho kabla ya kuuliza riba.

Matumizi ni jambo lingine. Msiba haupigi hodi, ugonjwa hivyohivyo. Lakini ada ya Januari inakuja Januari kila mwaka, na sare ya kitchen party hutangazwa miezi miwili kabla. Hivyo vikikufanya ukope kausha damu, tatizo halikuanzia kwa mkopeshaji.

Mahali pazuri pa kukopa, kwa mtu wa kipato cha kawaida, ni kikoba. Mfumo wa vikundi hivi vya hisa ulianzishwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na huku kwetu umeota mizizi mpaka kazini na misikitini. Mnanunua hisa kila wiki, mnachangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa, na mwanachama anakopa, mara nyingi hadi mara tatu ya hisa zake. Riba ipo. Tofauti ni kwamba mwisho wa mwaka, mnapovunja, inarudi kwenu kama gawio. Aliyelipa riba anakula sehemu yake. Kikundi kinatakiwa kusajiliwa chini ya sheria ileile ya 2018, na afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza. Jiepushe na "vikoba" vya WhatsApp ambavyo hujawahi kuona sura ya mweka hazina.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne vya vijana, mbili vya watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi 2024. Inachelewa na ina makaratasi mengi, lakini nenda dirishani uulize.

Kuhusu udhamini, chukulia kwamba unakopa wewe. Kama huwezi kulipa deni lote bila kumnunia shemeji, mwambie, "Shemeji, kudhamini siwezi, ila elfu ishirini hii hapa, si mkopo." Itakugharimu kidogo kuliko saini.

Na siku ya rejesho la mwisho, usiondoke ofisini mikono mitupu. Dai barua ya kumaliza deni yenye mhuri na tarehe, mkataba wako uandikwe kwamba umelipwa, na hati au kadi ya pikipiki uliyoweka irudi siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi toa kiasi kilekile ulichozoea kumpa mkusanyaji, ukiweke kwenye hisa za kikoba. Fanya hivyo kwa siku zilezile 26, maana mkono wako umeshazoea.